Kipoza Oili: Safi kwa Ushahidi Gani?

Injini ikishanoki, bili yake haina siri. Krenki ikachongwe, beringi mpya, pampu ya oili, seti nzima ya gasketi, filta, oili, halafu ufundi. Kipoza oili mara nyingi hakimo kwenye orodha hiyo, na kikiwemo kinakaa chini kabisa kwa maneno mawili: "kuosha kula", yaani kusafisha kipoza. Gari linatoka gereji likiwa kimya, mwenyewe anafurahi, na baada ya muda mlio uleule unaanza tena, kwanza injini ikiwa ya moto tu, kisha kila anapokanyaga mafuta. Hapo lawama hugawanywa kati ya aliyechonga krenki, aliyeuza beringi na aliyechagua oili. Kile kisanduku cha aluminiamu kilichopulizwa upepo na kurudishwa ubavuni mwa bloku hakitajwi na mtu.

Kinastahili kutajwa, tena mapema. Kipoza oili huchafuka kwa njia nne: chembe za chuma baada ya injini kuharibika, oili na maji kuchanganyika, kutu na chokaa upande wa maji, na tope kwa nje. Gereji nyingi huzitibu zote kwa dawa moja, petroli na kompresa. Msimamo wangu ni kwamba kabla hatujaulizana kioshwe kwa nini, tuulizane tutajuaje kwamba kilichoingia kimetoka. Pale jibu linapokosekana, kununua kipya ndiyo njia ya gharama ndogo, hata kama bei yake dukani inauma.

Vipoza viko vya aina mbili. Cha hewa kinafanana na rejeta ndogo na hukaa mbele, upepo wa safari ukikipuliza; utakikuta kwenye magari ya mbio, pikipiki kubwa kadhaa na baadhi ya magari yenye nguvu nyingi. Cha maji ni kidogo zaidi na kimejificha ubavuni mwa bloku, au katikati ya bloku na filta, oili ikipita upande mmoja na maji ya rejeta upande wa pili. Hiki ndicho walicho nacho wengi wetu bila kujua. Dizeli za Land Cruiser, Canter na Fuso zinacho, na magari mengi ya kisasa ya Volkswagen na BMW yanacho pia. Asubuhi maji yanayowahi kupata joto huipasha oili. Mlimani kazi inageuka, maji yakaipunguzia oili joto. Oili ya injini iliyokwisha kupata moto huwa kwenye nyuzijoto 90 hadi 110 hivi. Ikivuka 130 na kukaa huko, inaungana na oksijeni kwa kasi, inanenepa na kuacha utando mweusi kama lami. Wataalamu wa vilainishi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hufanya uharibifu huo uende mara mbili zaidi. Lori lililojaa likipanda mlima Kitonga kwa gia ndogo, mwendo wa mtu kwa miguu, halina upepo wa kuliokoa. Kipoza ndicho kinacholifikisha juu.

Tuanze na uchafu mbaya kuliko wote, chembe za chuma. Kikate kwa msumeno kipoza cha sahani kilichokufa (kwa wauza vyuma chakavu vipo tele) na utauona ugumu wake mara moja. Sahani nyembamba zimepangwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa tanuruni, nafasi moja ya oili, inayofuata ya maji. Ndani ya nafasi ya oili kuna bati jembamba lililokunjwakunjwa, lenye vidirisha vidogo vilivyopishana, ili oili ivurugike na kugusa chuma kila mahali. Kwa kupoza, umbo hilo halina mpinzani. Kwa unga wa beringi ni mtego: chembe inanasa kwenye kona ya kidirisha, oili iliyoungua inaishikiza, nyingine inakuja juu yake.

Halafu njia zote hizo ziko sambamba. Oili ikiingia mlangoni inagawanyika, kila tabaka likapata fungu lake, na kimiminika siku zote hukimbilia penye upinzani mdogo. Chukua kipoza chenye njia 10, na 3 kati yake zimeziba. Petroli unayomimina itapita kwenye zile 7 zilizo wazi na kuziacha 3 kama zilivyo. Ukiona petroli inatoka safi upande wa pili, umeona usafi wa njia ambazo hazikuwa na shida tangu mwanzo.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Fundi anamimina petroli tundu moja, anaziba kwa kidole gumba, anatikisa, anamwaga kwenye beseni. Ya kwanza inatoka nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu imefifia, ya nne unaona hadi chini ya beseni. Analeta mpira wa kompresa, anapuliza; ukungu unaruka, sakafu inalowa. "Bosi, umeona mwenyewe? Safi kabisa." Fundi hadanganyi. Anachokiona yeye ndicho unachokiona wewe. Lakini petroli baridi huyeyusha oili na kuziacha chembe nzito pale pale, na upepo ni dhaifu zaidi, maana unapenya kwenye uwazi na kutoka bila kusukuma kitu.

Baadhi ya mafundi, wale makini, hupitisha sumaku kwenye beseni. Ni hatua nzuri inayodanganya. Sumaku inakamata chuma cha krenki, kamshafti na gia za pampu. Uso wa beringi, ambao ndio uliosagika, umetengenezwa kwa aluminiamu yenye bati, au shaba yenye risasi, na sumaku haiugusi. Kitambaa cheupe ni shahidi bora. Chujia petroli kwenye kitambaa hicho au karatasi ya kuchujia kahawa, kianike kikauke, kisha kigeuzegeuze juani. Unga wa aluminiamu unametameta kijivu. Wa shaba una rangi ya dhahabu iliyofifia. Kimoja kati ya hivyo kikionekana kwenye mwosho wa mwisho, kazi bado.

Hatari ya chembe hizo inategemea ramani ya oili katika injini husika, na ramani hiyo hutofautiana. Kuna injini ambamo oili hutoka pampuni, ikapita kwenye kipoza, ndipo ikaingia kwenye filta na kwenda kwenye krenki. Nyingine zimepanga filta kwanza, kipoza baadaye. Kwenye mpangilio huu wa pili, chochote kinachobanduka ndani ya kipoza kinaenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Unaweza kuuliza chembe zilifikaje huko kama filta ilikuwa mbele yake. Zilipita kwenye vali ya dharura ya filta. Vali hiyo hufunguka filta inapoziba, na injini inayosaga beringi huiziba filta upesi sana. Kuanzia hapo oili chafu inapita bila kuchujwa. Hata mpangilio wa kwanza hauna usalama kamili, kwa kuwa vali hiyohiyo inaweza kufunguka asubuhi ya baridi oili ikiwa nzito. Nafasi kati ya beringi na krenki ni milimita 0.03 hadi 0.07 hivi, unene usiozidi unywele. Chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuchora mstari.

Ndiyo maana injini "iliyooshwa kula" huweza kwenda vizuri kwa muda kabla haijaanza kulalamika. Oili ya injini ina sabuni yake ndani, inapita ya moto, kwa presha, saa baada ya saa. Kazi ambayo petroli haikuifanya gereji inafanywa na oili barabarani, na wapokeaji wa uchafu ni beringi ulizozinunua juzi.

Basi kusafisha kwenyewe, kukifanywa sawasawa, kunahitaji nini? Mashine zinazofanya kazi hii husukuma kimiminika cha moto kwa nguvu, kikizunguka na kupita kwenye chujio lake, huku zikigeuza mwelekeo kila baada ya muda na kukipiga kwa mapigo. Kugeuza mwelekeo ndiko kwenye maana kubwa, kwa sababu chembe nyingi zimejikita upande wa kuingilia. Ukizisukuma kwa mwelekeo wa kawaida unazizamisha, ukizisukuma kinyume zinatoka zilikoingilia. Kazi hiyo ni ya saa nyingi, na chujio linakaguliwa njiani. Kuna pia beseni la mawimbi ya sauti, ambalo hutoa viputo vidogo mno vinavyopasuka na kubandua uchafu. Linasifiwa sana, na kwa vitu vilivyo wazi linastahili sifa. Ndani ya kipoza cha tabaka nyingi nguvu yake inapungua kila inapovuka sahani, na mahali palipobaki na hewa hapasafishiki kabisa, hivyo ni lazima kijazwe hadi hewa yote itoke. Hata hivyo beseni linalegeza tu. Kinachotoa uchafu ni mkondo wa kimiminika.

Umbo ndilo linaloamua. Vipoza vya mabomba yaliyonyooka, vilivyopo kwenye baadhi ya malori, mashine nzito na injini za boti, ambavyo vifuniko vyake vya pembeni hufunguliwa kwa bolti, vinasafishika bila wasiwasi: unapitisha brashi bomba moja moja, unamulika kwa tochi, unaona mwanga upande wa pili. Ushahidi upo. Vipoza vya sahani vilivyounganishwa tanuruni, na vile vya hewa vyenye vidirisha ndani ya mabomba, havina ushahidi wa namna hiyo. Kama vimepitiwa na unga wa beringi, mimi huviona vimekufa pamoja na injini. Siko peke yangu: wauzaji wengi wa injini zilizojengwa upya na wa tabo hukataa dhamana iwapo kipoza cha zamani kimerudishwa. Kwenye ndege ndogo utaratibu ni mkali zaidi, kwani chuma kikionekana kwenye oili kipoza hupelekwa karakana maalumu au hubadilishwa, na fundi wa ndege haruhusiwi kumaliza habari kwa petroli na kidole gumba.

Mwenye kipoza cha hewa ana nyongeza ya kukumbuka. Mara nyingi njia yake inalindwa na thermostati inayofunguka oili ikipata joto, kwa hiyo ukiuosha mfumo ukiwa wa baridi, umeosha njia ya mkato na kipoza hakikuguswa. Hozi nazo zinabeba chembe, hasa zile ndefu zinazopita chini ya bodi. Kubadilisha kipoza na kuacha hozi chafu ni kujidanganya.

Uchafu wa pili ni oili kuchanganyika na maji, na hapa kosa kubwa hutokea kabla ya usafi, kwenye kutafuta chanzo. Dereva anafungua kitangi cha maji, anakuta kitu kizito cha rangi ya maziwa ya chokoleti, na wote waliosimama pale wanatoa hukumu moja: gasketi ya silinda hedi. Huenda ni kweli. Lakini zitazame presha. Kifuniko cha rejeta hushikilia bar 1 hivi. Oili ya injini inayounguruma ina bar 2 hadi 5. Kipoza kikitoboka ndani, injini ikiwa inafanya kazi oili ndiyo inayosukumwa kuingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inashuka hadi sifuri papo hapo, ilhali maji ya moto bado yana presha, na sasa yanaweza kurudi upande wa oili. Kwa hiyo kitangi kilichojaa oili huku dipstiki ikiwa bado safi ni dalili inayokielekea kipoza kuliko gasketi. Kuna kipimo cha bei ndogo cha kutenganisha: dawa ya bluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na gesi ya moshi wa injini. Ikibaki bluu, usikimbilie kufungua hedi. Na kwa gari la gia za otomatiki, angalia rangi. Kipoza cha hidroliki ya gia mara nyingi kimo ndani ya rejeta, nacho kikitoboka mchanganyiko huelekea kuwa wa waridi.

Kipoza kilichotoboka hakisafishwi, kinabadilishwa. Kinachosafishwa ni mfumo mzima uliobaki, na kazi yake inachosha. Thermostati itolewe ili maji yazunguke kote, sabuni iwe ya kukata mafuta isiyotoa povu jingi, maji yawe ya moto, na mzunguko urudiwe hadi yatoke bila utelezi. Sabuni ya unga ya kufulia, ambayo mafundi wengi huipenda, hujaza mfumo povu, na povu ni hewa. Kwenye hedi hewa huacha sehemu zisizopozwa. Hozi za rejeta zimetengenezwa kwa mpira usiopatana na oili. Zikishailowa huvimba na kuwa laini, na hupasuka wakati ambao hukuupanga. Afadhali zibadilishwe pamoja. Upande wa injini, oili yenye maji imwagwe kabla gari halijawashwa tena. Maji hayana uwezo wa kuitenga krenki na beringi, na safari ya "mpaka gereji tu" imeua injini nyingi ambazo ugonjwa wake ulikuwa mdogo.

Kuziba kwa upande wa maji kuna mfano wa Marekani uliojadiliwa sana. Pikapu za Ford Super Duty kati ya 2003 na 2007 zilifungwa injini ya dizeli ya lita 6.0 iliyotengenezwa na Navistar. Kipoza chake kilikuwa katikati ya V ya injini, chenye njia nyembamba mno za maji, na mchanga uliobaki kwenye bloku tangu ilipomiminwa kiwandani, pamoja na masalia ya kulanti, ukajikusanya humo. Maji yakitoka hapo yalikwenda kupoza kipoza cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Njia ikiziba, kipoza cha moshi kilikosa maji, kikapasuka, na mwisho wa mlolongo huo ulikuwa gasketi ya hedi. Kinachonivutia kwenye kisa hiki ni kipimo ambacho mafundi wa kule walijiwekea. Injini ikiwa imepata moto, kwenye barabara tambarare, waliangalia joto la oili na la maji kwa wakati mmoja. Oili ikizidi maji kwa nyuzi 8 hivi za Selsiasi, kipoza kimeziba. Hakuna aliyehitaji kufungua kitu. Kila injini ina tofauti yake ya kawaida, lakini gari lolote lenye vihisio viwili hivyo linaweza kupimwa kwa mashine ya kusomea hitilafu, kabla na baada ya kusafisha, na namba ikasema kama fedha imefanya kazi.

Kwetu mchanga wa kiwandani si tatizo kubwa kuliko maji yenyewe. Maji ya kisima ya Dodoma au ya chumvichumvi ya pwani, yakijazwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka bila kulanti, huacha gamba la chokaa linalozuia joto na kutu inayoziba. Upande huu una nafuu, kwa sababu gamba linayeyuka. Asidi ya limao ya unga, iliyochanganywa nyepesi kwenye maji ya moto na kusuuzwa vizuri, hulitoa bila kukila chuma sana. Asidi ya betri inafanya kazi kwa haraka zaidi na inatoboa kwa haraka zaidi. Mbaya kuliko hiyo ni soda kali, ile inayochemshiwa bloku za chuma kwenye karakana za kuchongea injini. Chuma kinaivumilia, aluminiamu inayeyuka ndani yake, tena ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Kipoza kikitumbukizwa kwenye pipa moja na bloku, kitatoka kinang'aa na kimekonda.

Tope la nje halina mengi. Mapezi yajazwe sabuni ya kukata mafuta, yasubiriwe, yaoshwe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine za kuoshea magari huyalaza mapezi na kuziba njia ya upepo kabisa. Wanaoendesha mbugani wanajua zaidi yangu kuhusu mbegu za nyasi zinazonasa kwenye mapezi hayo.

Inabaki hesabu. Kipya halisi kina bei, cha kuiga ni nafuu lakini unene wa sahani zake haujulikani, na cha mtumba kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani au Kirinyaga Road kinaleta swali la pekee: injini iliyokibeba ilivunjwa kwa nini? Kama ilinoki, umenunua uchafu wa mtu mwingine na kuufunga kwenye krenki yako. Cha mtumba nakikubali pale tu injini yake ipo mezani na beringi zake zimeonekana. Wengine huamua kukiruka, hozi zikaunganishwa moja kwa moja au bamba likafungwa mahali pake. Gari dogo la petroli la kwendea kazini huenda likavumilia hilo, kwa gharama ya oili inayochelewa kupata joto asubuhi na kupata zaidi mchana. Lori, gari la tabo na gari la kuvuta mzigo visifanyiwe hivyo hata kwa siku ya dharura yenye mlima mbele.

Anayelazimika kurudisha kipoza kilekile, kwa kuwa kipya hakipatikani, apunguze hatari kwa kuumwaga mwosho wa kwanza wa oili mapema. Awashe injini bila kuipa mzigo hadi ipate moto, azime, amwage oili na kutupa filta. Aweke nyingine za bei ya kawaida, aende kilomita mia kadhaa kwa upole, kisha aitoe filta ya pili na kuikata kwa msumeno wa mkono au kikatio cha bomba, kikatio kikiwa bora kwani hakiachi unga wake. Karatasi ya ndani ifunguliwe mkunjo kwa mkunjo, ibanwe kwenye jiliwa hadi oili itoke, ikaushwe na kutazamwa juani. Metameta chache baada ya ukarabati ni kawaida. Zikiwa zimejaa kwenye mikunjo yote, kipoza kitoke siku hiyohiyo, kabla beringi hazijaanza kusema zenyewe.